Tupeane uzoefu: unaikwepaje riba zama hizi za mikopo ya simu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwamba riba ni haramu hatubishani, Al-Baqara aya ya 275 iko wazi. Ila siku hizi inakufuata mpaka mfukoni, unabonyeza namba mbili tatu mkopo umeshaingia. Tusipeane fatwa, kila mtu aseme aliyoyapitia.

Naanza mimi, fundi cherehani wa Tanga. Nilihitaji mashine ya ovaloki, nikaomba murabaha kwenye benki ya Kiislamu. Nilitegemea kupewa hela, kumbe hawatoi hata senti. Nilipeleka profoma ya duka, yaani karatasi ya bei, benki ikainunua mashine kwanza, ndipo ikaniuzia mimi kwa awamu, faida yao imeandikwa wazi. Biashara ilipoyumba nikachelewesha marejesho, bei ikabaki ile ile. Hapo moyo ulitulia.

Mzee wa Kisauni: Waalaykum salaam. Kabla ya 2008, benki za Kiislamu za Gulf African na First Community hazijafunguliwa hapa Kenya, wazee wetu waliweka pesa akaunti ya kawaida na faida wakaikataa. Sasa benki za sharia zipo, lakini uliza maswali. Pahala nilipokwenda mimi walinipa pesa taslimu, wakaniambia nikanunue mwenyewe kisha niwaletee risiti. Nikawauliza, hiyo bidhaa ilikuwa yenu lini hata mniuzie? Hawakuwa na jibu, nikawarudishia pesa zao. Jina la Kiarabu kwenye fomu halihalalishi kitu.

Binti Temeke: Mimi mtihani wangu ni gawio la pesa za simu, lile Tigo Pesa walilolianza 2014 na wengine wakafuata. Hela yetu inakaa benki, inazaa, tunagawiwa. Ustadhi wa msikitini kwetu alinishauri nisiile, niitoe kwa wenye shida bila kuinuia thawabu ya sadaka. Kila ikiingia naipeleka kwa mgonjwa mtaani.

Mama Wawili, Unguja: Sisi tulitoka kwenye kikoba kwa sababu mkopo ulirudi na asilimia juu. Sasa tuna mfuko wetu: tunanunua mchele na mafuta ya kula kwa jumla, tunauza, faida tunagawana kwa hisa, na hasara pia. Mwenye dharura anakopeshwa, anarudisha kile kile alichochukua. Wanaume wanatucheka kwamba tunajisumbua, lakini tunalala usingizi.

Kuna aliyejenga au kununua nyumba kwa musharaka, ule ubia na benki ambao unalipa kodi ya sehemu yake huku ukiinunua kidogo kidogo? Tafadhali atueleze kodi ilipangwaje na hati iliandikwa kwa jina la nani.