Mtoto ana malaria, homa ikishuka anataka kucheza: nimlaze au nimwache?

Mama wa Igombe
Habari za jioni. Mwanangu ana miaka 4, kilo 16. Leo kapimwa, malaria ipo, kaandikiwa dawa mseto vidonge viwili viwili na panadol ya maji. Homa ikishuka anatoka mbio kuwafuata wenzake ziwani. Bibi yake anataka alale siku zote 3. Nimfungie ndani?

Nesi Buzuruga
Pole na kuuguza, dada. Usimfungie. Mtoto aliyechoka hujilaza mwenyewe. Ukimshikilia kitandani atalia, na akilia sana hutapika dawa. Ila zile mbio zisikudanganye: panadol imeshusha joto tu, vimelea bado vimo kwenye damu, na baada ya saa 4 hadi 6 homa inaweza kurudi. Mtandikie mkeka kivulini, achore au achambue dagaa na bibi. Mpira, jua la mchana na kuogelea hapana kabisa; akiishiwa nguvu majini hakuna atakayewahi. Nguo nyepesi, mablanketi weka pembeni. Kwa kilo 16 panadol ya 120 mg kwa mls 5 ni mls 10, isizidi mara 4 kwa siku.

Mfamasia Kirumba
Nyongeza kwenye dawa mseto, maana hapa wengi hukosea. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni, halafu kesho na keshokutwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Jumla dozi 6, hata akichangamka. Mpe na maziwa au uji wenye karanga. Bila mafuta dawa hainyonywi vizuri.

Mama wa Igombe
Asanteni. Ya kwanza kaitapika kama dakika 20 baada ya kumeza.

Mfamasia Kirumba
Rudia dozi nzima. Ndani ya nusu saa inahesabika haijaingia. Akitapika tena, mrudishe kituoni leo leo.

Nesi Buzuruga
Usisubiri asubuhi pia akipata degedege, akishindwa kunywa, akilegea hata homa ikiwa imeshuka, au akipumua mara 40 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Shuleni arudi akimaliza siku nzima bila homa na bila panadol. Michezo ya kusukumana isubiri zaidi, kwa sababu bandama huvimba kwa malaria na pigo la tumbo linaweza kuipasua. Na wiki zinazofuata mtazame viganja: vikiwa vyeupe, au akihema kwa mchezo mdogo, apimwe wingi wa damu.