Shamba la umwagiliaji lina ukoko mweupe na mweusi, maji hayazami: nianze na nini?

MwanaBonde:
Wakuu, habari za leo. Ni ekari mbili tambarare chini ya milima ya Upare, maji ni ya kisima. Maji yakikauka panabaki ukoko, mahali mweupe, mahali mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta machafu. Maji yanatuama siku tatu, lakini ukifukua kidogo chini unakuta udongo mkavu. Maharage hayatoki, mahindi yanaungua ncha za majani na kudumaa. Majibu ya maabara, sentimita 0 hadi 20: pH 8.9, EC (kipimo cha chumvi) 2.1, CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho kama kalsiamu na sodiamu) 20, sodiamu 5. Mmoja kanishauri nimwage majivu na chokaa, mwingine anasema nifurikishe maji niioshe chumvi. Lipi ni lipi?

Mpimaudongo:
Mkuu, yote mawili acha kwanza. Shida yako kubwa ni magadi, yaani sodiamu iliyozidi. Udongo wenye chumvi tu huwa na EC zaidi ya 4, pH chini ya 8.5, unabaki tifutifu na maji yanapita. Wako una sodiamu 5 kwenye CEC ya 20, yaani asilimia 25, na mpaka wa hatari ni 15. Sodiamu ikizidi hapo, chembe za mfinyanzi zinaachana na kuziba matundu. Ule weusi ni mboji iliyoyeyushwa na magadi ikapanda juu na maji.

Ndiyo maana kufurikisha peke yake ni hatari. Unaondoa chumvi iliyokuwa inasaidia kuzishikanisha chembe, sodiamu inabaki, shamba linafunga kuliko mwanzo. Majivu yanapandisha pH. Chokaa kwenye pH ya 8.9 haiyeyuki, kwa hiyo kalsiamu yake haikufikii.

Hakikisha hivi: chukua kidonge cha udongo mkavu, ukubwa wa punje ya mbaazi, kiweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Ukikuta wingu la maziwa limekizunguka baada ya saa mbili, ni sodiamu. Usitumie maji ya kisima, chumvi yake itakudanganya.

Uliza pia maabara walipima EC kwa tope lililoshiba maji au kwa uwiano wa 1:2.5 wa udongo kwa maji. Kama ni 1:2.5, EC halisi iko juu zaidi ya hiyo 2.1, basi una chumvi na magadi pamoja. Dawa haibadiliki: kalsiamu kwanza, kuosha baadaye.

Kalsiamu hiyo inatoka kwenye jasi (gypsum), madini ya kalsiamu na salfeti. Hesabu: kushusha sodiamu kutoka asilimia 25 hadi 10 ni kuondoa 3 kati ya zile 5. Kila 1, kwa kina cha sentimita 20, inataka kama tani 0.9 za jasi safi kwa ekari. Mara 3 ni 2.7; ongeza robo kwa sababu si yote inayofanya kazi, inafika 3.4. Jasi yenye usafi wa asilimia 80 itakuwa tani 4.2 kwa ekari. Makanya, kunakochimbwa jasi, iko jirani yako, lakini omba iliyosagwa ikapita kwenye chujio la milimita 2. Mabonge yanayopelekwa viwanda vya saruji yatakaa shambani miaka bila kuyeyuka.

FundiMifereji:
Kabla hujalipia lori la jasi, chimba shimo la mita 2 katikati ya shamba, liache usiku kucha. Maji yakisimama karibu na uso wa ardhi kuliko mita 1.5, jasi yote ni hasara: sodiamu iliyong'olewa haina pa kwenda, na jua litaipandisha tena. Chimba mtaro wa kutolea maji wenye kina cha mita 1 hadi 1.2 upande wa chini, na ujue unamwaga wapi. Usiumalizie kwenye jaruba la jirani.

Mtaro ukiwa tayari, sawazisha, piga matuta ya jaruba, changanya jasi kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu, ndipo uingize maji. Tani moja ya jasi inahitaji kama sentimita 10 za maji kwenye ekari ili iyeyuke. Ingiza kidogo kidogo, acha yazame, rudia. Kwa kuosha, hivyo ni bora kuliko kujaza jaruba mara moja.

Na kisima kipimwe! Maji yenye bikaboneti nyingi yanaigeuza kalsiamu kuwa chokaa na kuiacha sodiamu; usipolijua hilo utarudia kununua jasi kila baada ya misimu michache.

Kijanimbichi:
Salfa ya unga, ile ya korosho, haifai? Kilo chache kwa nguvu nyingi.

Mpimaudongo:
Inafaa ikiwa udongo wenyewe una chokaa. Dondoshea siki, ukichemka povu, ipo. Tani 1 ya salfa ni sawa na tani 5.4 za jasi, kwa hiyo kama kilo 630 kwa ekari. Ila bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi, wanataka joto, unyevu na hewa, na wiki kadhaa hadi miezi. Ukifurikisha mapema unawanyima hewa. Vaa barakoa, unga huo unachoma macho.

MwanaBonde:
Nimeelewa, asanteni sana. Msimu wa kwanza nipande nini?

FundiMifereji:
Mpunga wa kupandikiza, miche ya siku 30 na zaidi, mitatu au minne kwa shimo, kwa sababu miche michanga ndiyo inayokufa. Maji yanayosimama kwenye jaruba yanaendelea kuosha, na mizizi inasaidia kuyeyusha chokaa. Maharage na vitunguu subiri, vinaanza kupunguza mavuno EC ikifika kama 1 tu. Mbolea weka SA (ammonium salfeti) badala ya urea, maana kwenye pH hiyo urea nyingi inaruka hewani. Ongeza zinki salfeti kilo 10 kwa ekari. Ukiona madoa ya kutu kwenye majani wiki ya tatu, zinki ndiyo inayokosekana. Mabua usichome, yachanganye na udongo. Baada ya kuvuna pima tena, 0 hadi 20 na 20 hadi 40, ujue sodiamu imetoka kweli au imeshuka tu chini kidogo.