Siku 12 za kutafiti historia ya watazama-nyota wa ridhaa Uingereza na Ireland: nipange vipi?

Daftari la Usiku:
Wakuu, salaam. Natafiti namna watazama-nyota wa ridhaa walivyoacha darubini za vioo vya madini na kuhamia vioo vya glasi vilivyopakwa fedha, kati ya 1840 na 1900 hivi. Nina siku 12 za kazi, nafikia London. Kwenye orodha nimeweka Royal Astronomical Society, nyumba ya Herschel kule Bath, Birr Castle kule Ireland alikokuwa Lord Rosse na darubini yake kubwa, na Juvisy, Ufaransa, alikokuwa mwanafalaki Flammarion. Je, inawezekana? Na kipi nikimalize kabla ya kupanda ndege?

Msugua Kioo:
Inawezekana, ila punguza. Juvisy iondoe kabisa. Flammarion alianza kituo chake 1883 na chama cha Société astronomique de France kikazaliwa 1887, yaani vioo vya glasi vilikuwa vimeshashinda. Jarida lake L'Astronomie unalisoma bure kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa. Zaidi ya hapo, Ufaransa inaweza kukudai viza ya Schengen na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, kwa ajili ya siku moja tu.

Bath ni nusu siku, nayo naiacha nje ya mgawo. Nyumba ya 19 New King Street ndiko William Herschel alikoiona sayari ya Uranus 1781, kwa hiyo iko nyuma ya kipindi chako, na sehemu kubwa ya nyaraka zake ziko Royal Astronomical Society, Burlington House.

Mgawo ambao ningeupendekeza: Royal Astronomical Society siku 4, British Library 2, Birmingham 1, Birr 2, safari ya kwenda na kurudi Ireland 2. Siku inayobaki iache wazi, maana faili utakalolihitaji kuliko yote huonekana kwenye orodha ukiwa umeshafika. Birmingham ni kwa sababu ya maktaba ya Society for the History of Astronomy, iliyoko Birmingham and Midland Institute. Chama hicho pia kina mradi wa kuorodhesha wanafalaki mkoa kwa mkoa. Maktaba inaendeshwa na watu wanaojitolea, usitokee tu mlangoni.

Kabla ya kusafiri, maliza kila kilichochapishwa. Majarida ya falaki Monthly Notices na The Observatory, ukurasa kwa ukurasa, yako bure kwenye ADS, hazina ya NASA ya machapisho ya falaki. Maandishi ya Henry Draper ya 1864 kuhusu kutengeneza darubini ya glasi yenye fedha, kioo cha inchi 15½, nayo yako mtandaoni. Ukiyakuta hayo kwanza kwenye chumba cha kusomea London, umepoteza nauli.

Karani wa Nyaraka:
Naongezea jarida moja ambalo wengi huliruka: English Mechanic, lililoanza 1865. Mijadala ya kusugua na kupaka fedha ilikuwa humo, kwenye safu za barua. Hata wazo la kuunda chama cha wa ridhaa, British Astronomical Association, 1890, lilianzia kwenye barua ya W. H. S. Monck humo. Tatizo ni kwamba waandishi walipenda majina ya kujificha. "A Fellow of the Royal Astronomical Society" (kwa kifupi F.R.A.S.) alikuwa Kapteni William Noble, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama hicho. Ukitafuta kwa jina halisi pekee utaambulia patupu. Na utafutaji wa maneno kwenye nakala zilizoskaniwa hukosea sana kwa sababu herufi ni ndogo na zimebanana. Pitia faharasa ya kila buku kwa macho.

Chumba cha kusomea kina desturi zake. Miadi kwa barua pepe wiki 6 kabla, ukitaja namba za marejeo kutoka kwenye katalogi, si "kila mlicho nacho kuhusu darubini". British Library inataka uthibitisho wa jina, sahihi na anwani ya makazi ili upate kadi ya msomaji. Watu hukwama kwenye anwani, kwa hiyo beba barua rasmi ya karibuni. Tangu shambulio la kimtandao la Oktoba 2023, usichukulie kuwa kila kitu kinapatikana; uliza buku lako mahususi. Penseli tu, kalamu ya wino inabaki kwenye kabati pamoja na begi.

Kupiga picha uliza mapema, kwani ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuchapisha. Picha ya kwanza ya kila faili iwe ya lebo yenye namba ya marejeo. Piga na nyuma ya karatasi hata ikionekana tupu, maana bei ya kioo au jina la muuzaji huandikwa huko. Jioni hiyohiyo zipe folda jina la namba ya marejeo na uweke nakala mahali pa pili. Picha 600 zisizo na lebo ni takataka.

Mwendo wa Jua:
Kuhusu Birr: viza ya Uingereza si viza ya Ireland, na Ireland haimo Schengen. Kama pasipoti yako inadaiwa viza, omba zote mbili, na ya Uingereza iruhusu kurudi. Birr haina stesheni ya treni, ni basi. Hifadhi ya nyaraka iko ndani ya kasri la familia ya Rosse, huingii bila kukubaliwa kwa maandishi. Orodha ya kina ya nyaraka za Rosse imechapishwa na Irish Manuscripts Commission, chagua humo. Lile dubwana la darubini ya Rosse, la inchi 72, la 1845 unaloliona uwanjani limejengwa upya na kioo chake cha sasa ni cha alumini. Kioo kimoja cha asili cha madini kiko Science Museum, London.

Daftari la Usiku:
Asanteni sana. Swali la mwisho: nikishika daftari la mtazamaji lisilosema kioo ni cha aina gani, nitajuaje? Na tarehe zake ni za kuaminika?

Msugua Kioo:
Tafuta alichofanya kioo kilipofifia. Kiswahili kinatubana hapa kwa kuita vyote "kioo", kwa hiyo shika kwamba madini ni mchanganyiko wa takriban sehemu mbili za shaba na moja ya bati. Yakichafuka lazima yasuguliwe upya, na kila msuguo unaweza kuharibu umbo. Ndiyo maana Rosse alikuwa na vioo viwili vikipokezana. Fedha juu ya glasi huyeyushwa kwa asidi ya nitriki, ikapakwa nyingine, na umbo la glasi halijaguswa. Daftari likisema kusugua upya halafu majuma ya kulijaribu umbo, ni madini. Likisema kupaka fedha, jibu unalo. Ukikuta jina la watengeneza vioo With wa Hereford au Calver, ni glasi karibu bila shaka.

Mwendo wa Jua:
Tarehe ni mtego. Hadi mwisho wa 1924 siku ya kifalaki ilianza adhuhuri. "12 Desemba, 14h 20m" ni saa nane na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 13. Lakini wa ridhaa wengine walitumia siku ya kiraia, inayoanza usiku wa manane, na wengine walichanganya. Pima: chukua tukio lenye saa maalumu, mfano mwezi wa Mshtarii kuingia kivulini, weka mahali na tarehe kwenye Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga, uone tafsiri ipi inalingana. Angalia pia saa ya mahali: Bath iko nyuma ya Greenwich kwa dakika 9 na nusu hivi, na saa ya Dublin, iliyokuwa rasmi Ireland 1880 hadi 1916, kwa dakika 25 na sekunde 21. Michoro nayo huwa kusini juu, kwa sababu darubini hupindua taswira. Usiigeuze picha kabla hujaandika ulivyoikuta.