Mdogo wangu kapata Coventry, uinjinia wa magari. Aende au asubiri?

Kaka_wa_Tabata: Wakuu, mdogo wangu wa kike amekubaliwa Coventry University, Uingereza, uinjinia wa magari, miaka minne, mmojawapo ni wa fildi kiwandani. Ada nalipa mimi, hela ipo kwenye akaunti yangu. Baba mdogo anapinga. Anasema kile kilikuwa chuo cha ufundi tu, bora asubiri mwakani aombe vyuo vya zamani. Binti mwenyewe tangu shule ya msingi anashinda gereji. Naombeni ushauri.

Mama Nuru: Baba mdogo historia anaijua. Ilikuwa Lanchester Polytechnic, ikaja kuwa chuo kikuu 1992 pamoja na politekniki nyingine nyingi. Lakini huyo Lanchester alikuwa muunda magari, na makao makuu ya Jaguar Land Rover yako hapohapo Coventry. Mtoto wa gereji asubiri nini?

fundi_mitambo: Niko Uingereza, chuo kingine cha aina hiyo. Ulizia sana fildi. Mara nyingi chuo kinakusaidia tu, nafasi unaitafuta mwenyewe: maombi, usaili, unashindana na wenyeji. Darasani kwetu wapo waliokosa, wakahamia kozi ya miaka mitatu. Aandae wasifu wake tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu kampuni kubwa hufungua maombi mapema mwaka wa pili. Na msitegemee vibarua vilipe ada. Muhula ukiendelea viza inaruhusu saa 20 tu kwa wiki.

Shangazi wa Leicester: Mwanangu, hiyo hela ikibaki kwako viza atanyimwa. Wanakubali akaunti ya mwanafunzi, mzazi au mlezi wa kisheria. Kaka hayumo. Ihamishe mapema: ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza na pauni 10,539 za kujikimu (1,171 kwa mwezi, miezi 9), zikae siku 28 mfululizo bila kupungua. Weka pembeni tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na ya miaka yote inalipwa kwa mkupuo siku ya kuomba viza. Hapo ndipo wengi wanakwama. Halafu kipimo cha kifua kikuu.

Kaka_wa_Tabata: Shikamoo shangazi, umetuokoa. Baba yupo hai, naweza kumwekea yeye? Binti anaenda, baba mdogo nitamwelewesha.

Shangazi wa Leicester: Marahaba. Ya baba inafaa, ila ambatisheni cheti cha kuzaliwa cha binti na barua ya baba kwamba ameridhia hela itumike.