Naomba ushauri kuhusu juisi ya parachichi na ya pasheni

Ndugu zangu, ninajifunza kutengeneza juisi nyumbani na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Parachichi nikilisaga pamoja na maziwa baridi hutoa juisi laini ya kijani, lakini ikikaa kwenye friji hadi jioni uso wake hugeuka kahawia na ladha huanza uchungu. Ndimu naiogopa, kwa kuwa hukatisha maziwa. Je, nitumie maji badala ya maziwa, au juisi hii hunywewa papo hapo tu? Pasheni nazo, blenda ikizunguka mno, mbegu husagika na kuacha chembe nyeusi zinazopenya chujio la chai. Je, ni afadhali kuzipekecha kwa mwiko kwanza? Sukari sitaki kuongeza, labda embe dodo lililoiva.