Nimemaliza JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) miaka 2: Chuo Kikuu Mlimani nisome tu, au Chuo Huria huku napiga kazi?

kijana_wa_gmboto: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza mkataba wa kujitolea JKT, nimerudi kwa bi mkubwa Gongo la Mboto. Fom siksi nina divisheni 2 ya HGL (historia, jiografia na kiingereza). Sasa nipo njia panda, niombe Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na mkopo wa serikali nikae hosteli Mabibo nisome tu, au Chuo Huria huku nafanya ulinzi usiku, kazi nimeshaahidiwa. Kinachonisumbua sio ada peke yake, miaka 2 naamshwa na filimbi alfajiri, mchakamchaka, usafi, kila kitu afande kapanga, sasa hivi nikikaa na kitabu nusu saa tu miguu inataka kukimbia. Aliyepitia anisaidie.

Sevisimeni_mstaafu: Hongera dogo. Mi nilitoka kujitolea kama wewe nikaingia chuo kimoja hapa mjini, muhula wa kwanza nikala sapu 3, yaani mitihani ya kurudia. Akili ilikuwepo ila siku nyingine una kipindi saa 2 asubuhi halafu kingine saa 10 jioni, hapo katikati hakuna anayekuuliza uko wapi, wakati kambini ukikosa foleni kombania nzima inajua. Nikawa nalala tu. Kilichonitoa ni grupu la diskasheni, tulikuwa watu sita, kila siku saa 11 jioni, asiyetokea anapigiwa simu. Mi nasema Mlimani, tena kaa hosteli, usisome ukitokea Gongo la Mboto, daladala zitakumaliza.

dada_wa_mbagala: Kaka mi nipo Huria na nina duka. Uzuri wake unalipia kozi unazosajili, hela ikibana unapunguza kozi unaendelea na maisha. Ila vipindi vya ana kwa ana ni vichache mno, kusoma ni wewe na madesa (notsi) yako, na ukishatoka lindoni asubuhi macho mazito utasoma saa ngapi? Mi dukani wateja wakipungua nafungua kitabu, mlinzi akisinzia juu ya kitabu kazi hana. Kama kusoma peke yako ndo kunakushinda, Huria itakutesa, nakwambia kwa upendo kabisa.

mzee_wa_bumu: Ongezeni na hili. Hela ya kula na malazi ya mkopo ni 10,000 kwa siku tangu 2022, zamani 8,500. Inaingia kwa mkupuo, na wewe miaka 2 umekula mesi hujawahi kupiga hesabu ya ugali, ukiipokea ya miezi 2 igawe kwa wiki siku hiyohiyo, nyingine mpe mama akushikie. Ukiajiriwa mkopo unakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi, lijue mapema. Halafu wale wa mujibu wa sheria, wanaopelekwa JKT muda mfupi tu baada ya fom siksi, wanaingia chuo na wenzao wa darasa moja, wewe uliomaliza nao shule utawakuta mwaka wa tatu. Usione aibu, waombe madesa, wanayo yote.

fundi_temeke: Kambini ulikuwa kitengo gani? Kama umeme au useremala pitia chuo cha ufundi VETA Chang'ombe kwanza.

kijana_wa_gmboto: Bustani na mifugo mkuu, ufundi sina. Nimekaa na bi mkubwa tumesoma wote hizi komenti, naomba Mlimani. Lindo sijalikataa, nimewaambia wanisubiri hadi majina ya mkopo yatoke. Dada wa Mbagala nikikosa nakuja pm unielekeze kusajili. Afande Sevisimeni, hilo grupu mlilipataje, mliwafuata watu darasani au?

Sevisimeni_mstaafu: Wiki ya kwanza tu, nilimfuata aliyekaa mbele kabisa nikamuuliza anasomea wapi jioni.