Muziki nyumbani: sauti ifunguliwe kiasi gani?

Kiti cha Kati
Wadau, naleta hoja. Watu wanabishana sana kuhusu wati, nyaya na chapa za spika, ila swali la msingi linapitwa: ukishakaa kwenye kiti chako, unafungulia kwa sauti kiasi gani? Mimi naweka mita ya kupimia sauti pale kichwa kinapokaa. Nyimbo nyingi zinacheza kati ya desibeli 70 na 75, zikipanda sana zinagusa 80. Hapo nasikia kila chombo na naweza kukaa jioni nzima masikio yasichoke. Msimamo wangu ni kwamba kuzidi 80 kwa saa nyingi ni kujiumiza bure, na anayesema redio yake haichangamki mpaka ifike 95 akague spika zake au chumba chake. Karibuni.

Mdundo Halisi
Mkuu nakupinga mchana kweupe. Fletcher na Munson wa Maabara za Bell kule Marekani walilimaliza hili mwaka 1933. Sauti ikishushwa, besi ndiyo inayotangulia kupotea masikioni, mwimbaji anabaki. Spika haina kosa, sikio la binadamu ndivyo lilivyo. Studio wanachanganya wimbo kwa 85, wewe unausikiliza kwa 70, halafu unasema unasikia kila chombo? Gitaa la besi hulisikii, unalikumbuka tu. Mimi nikikaa kusikiliza naanzia 88. Sauti ya chini waachiwe wagonjwa na wanaobembeleza watoto.

Sikio la Kushoto
Hiyo sentensi ya mwisho siipiti. Mgonjwa unayemsema ni mimi. Nina mlio sikioni, mwembamba kama wa filimbi, na unazidi nyumba ikitulia. Daktari alinionyesha karatasi ya kipimo: mstari unakwenda vizuri, ukifika karibu na hezi 4,000, kwenye sauti nyembamba, unaporomoka. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa, kwa binadamu hazioti tena. Nasikiliza kwa sauti ya chini kila siku na muziki naupenda pengine kukushinda, kwa sababu najua kilichobaki ni kiasi gani.

Mdundo Halisi
Pole ndugu yangu, sikukulenga wewe. Ila tuulizane ukweli: sikio liliharibiwa na redio ya nyumbani au na kitu kingine?

Sikio la Kushoto
Kiwandani, mashine. Na sikio lina njia gani ya kutenganisha? Nishati ni nishati, iwe ya mashine au ya tarumbeta.

Mdundo Halisi
Sasa hapo umenisaidia. Mashine inalia saa 8 kila siku, wimbo ni dakika 4. Usitutishe kwa kiwanda.

Mama wa Ghorofani
Na mimi ndiye anayebembeleza mtoto, maana tumetajwa wote. Kaka Mdundo, unaishi na watu juu yako au chini yako? Kwangu muziki wa jirani hauji kama muziki. Mwimbaji simsikii, sijui hata wimbo ni upi. Ninachopata ni du, du, du, na glasi kabatini zinagongana kwa kufuata mdundo. Mtoto akishtuka namtoa kitandani, nikimlaza inaanza tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Jirani akikujia wewe na besi yake usiku, hiyo habari ya Fletcher utamsomea?

Wati Mia Mbili
Dada, tatizo ni jirani yako hajui kuishi na watu. Mimi nina amplifaya ya wati 200. Ikifika usiku natumia wati 100, sauti inakuwa nusu, kila mtu analala kwa amani.

Fundi wa Zamani
Wati Mia Mbili, hapana. Kukata nguvu nusu ni kushusha desibeli 3 tu, tofauti ambayo jirani aliyelala hataijua. Ili sikio lione sauti imepungua karibu nusu unashuka kama desibeli 10, maana yake nguvu ya moja ya kumi. Kwako ni wati 20.

Na jambo kubwa kuliko hilo, naomba Kiti cha Kati alisome vizuri. Mita nyingi na karibu programu zote za simu zinapima kwa mizani A, hesabu inayopunguza sauti nzito, ambayo kwenye hezi 50, yaani besi ya chini kabisa, inakata karibu desibeli 30. Ukiona 75 kwenye kioo, besi inayotikisa kabati la Mama wa Ghorofani karibu yote haimo kwenye hesabu. Pima kwa mizani C, isiyokata besi hivyo, uone namba inavyoruka.

Halafu ile 85 ya Mdundo ni kipimo cha kuchanganyia filamu kwenye ukumbi mkubwa. Kwenye chumba kidogo mafundi wenyewe wanashuka chini ya hapo.

Wati Mia Mbili
Fundi, kunisahihisha si vibaya, ila unavyoandika ni kama mimi sijui kushika hata waya. Amplifaya zangu nafungua na kufunga mwenyewe. Nimesema jirani halalamiki, na halalamiki.

Mama wa Ghorofani
Kutolalamika si kutosikia. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nikigonga mlango naitwa mkorofi.

Wati Mia Mbili
Basi gonga. Utajuaje kama mtu ni mbaya bila kumwambia?

Kiti cha Kati
Jamani, niliuliza kuhusu kiti cha msikilizaji. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila ukiongeza 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Mdundo anaanzia 88. Aseme mwenyewe kwa wiki anakaa saa ngapi.

Mdundo Halisi
Sijibu maswali ya polisi. Ila Mama wa Ghorofani namjibu, maana yeye kaongea kwa uchungu wa kweli. Dada, mimi usiku sifungulii hivyo. Usiku nashusha, na nikishusha wimbo unakufa, na hilo ndilo linaloniuma tangu mwanzo. Mnanihesabia desibeli kama mnahesabu dhambi, hakuna anayejibu besi itarudi vipi.

Sindano na Sahani
Imeshajibiwa zamani, mnapita tu. Kile kitufe cha laudnesi kiliwekwa kwa kazi hiyo hiyo: kinarudisha besi pale unaposikiliza kwa sauti ya chini. Kwenye amplifaya nyingi za Yamaha ni kitasa cha kuzungusha. Unafungulia sauti mpaka ile ya juu kabisa unayopenda, halafu hugusi tena kitasa cha sauti, unashusha kwa kile cha laudnesi. Mwimbaji anarudi nyuma, besi inabaki na mwili wake. Ninavyo hivyo na jioni nasikiliza huku watu wanazungumza sebuleni. Walioondoa vitasa hivi kwa kutaka usafi wa sauti wametunyang'anya kitu cha maana sana.

Mdundo Halisi
Nakubali kukijaribu. Hii ndiyo hoja ya kwanza humu iliyonisaidia.

Mama wa Ghorofani
Ngojeni. Kitufe kinashusha mwimbaji na kuacha besi? Mwimbaji simsikii tangu mwanzo! Kinachonifikia mimi ni hicho hicho mnachokibakiza.

Sindano na Sahani
Besi nayo inashuka dada, ila kidogo kuliko sauti nyingine.

Mama wa Ghorofani
Kidogo.

Wati Mia Mbili
Spika ya besi iinuliwe sakafuni, iwekewe mpira chini. Tatizo limekwisha.

Fundi wa Zamani
Mpira unazuia mtikisiko wa kabati la spika usiingie sakafuni, na hapo utasaidia kiasi. Ila besi nyingi inasafiri kwa hewa. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, linasukuma ukuta mzima na ukuta unaipeleka upande wa pili. Kinachozuia ni uzito wa ukuta, na sponji za kubandika hazina uzito. Itoe spika kwenye kona kwanza, kona inaongeza besi chumba kizima, kisha sogeza kiti karibu na spika. Ukikaribia utapata sauti ile ile huku kitasa kiko chini.

Mdundo Halisi
Karibu kiasi gani? Spika zangu ni zile ndefu za kusimama, nikikaribia nasikia trebo tu, ile sauti nyembamba, woofa zinazotoa besi ziko magotini.

Fundi wa Zamani
Anzia mita 2, uziinamishe kidogo kwa nyuma. Chini ya hapo sauti za juu na za chini za spika ndefu nyingi hazijaungana bado. Na ile ya besi uliyonayo iko kona ipi, ya ukuta wa jirani au wa nje?

Mdundo Halisi
Ya jirani.

Mama wa Ghorofani
Ihamishe leo.